Sahihi za Kasungwe

Eustache alifanya kazi katika ghala la bidhaa huko Brampton, karibu na Toronto, Kanada. Alipanga maboksi. Kutoka nyumbani kwake Etobicoke hadi ghalani ni dakika arobaini kwa gari, kama barabara haina msongamano. Barabara ilikuwa na msongamano kila siku.

Mke wake, Généreuse, aliwahudumia wazee katika nyumba ya kutunzia wazee. Mara nyingi mmoja aliingia huku mwenzake akitoka. Walikutana mlangoni, wakapeana ufunguo wa gari na habari za nyumbani. Mélissa, binti yao wa miaka kumi na mitano, alizungumzishwa Kiswahili na alijibu Kiingereza. Wazazi walikuwa wamechoka kumsahihisha.

Walitoka Kasungwe, kijiji kilicho kando ya Ziwa Tanganyika, upande wa Kongo. Kasungwe ina nyumba mia mbili, kituo kimoja cha afya na kinu kimoja cha kusaga kinachotumia dizeli. Umeme haujawahi kufika. Nguzo zilizo karibu zaidi ziko mwendo wa siku nzima kwa boti.

Ijumaa moja ya mwezi wa sita, Eustache alirudi nyumbani kutoka kazini saa kumi jioni. Alikuwa amevua kiatu kimoja tu. Simu ikalia. Alikuwa Inès, mdogo wake, mkunga wa kituo cha afya cha Kasungwe.

"Yaya, kijiji kinaondolewa kwenye orodha," alisema. Kwao yaya ni kaka mkubwa.

"Orodha gani?"

"Ya umeme. Watu wa kampuni wamerudi leo. Wanataka nyumba mia moja na ishirini zitie sahihi. Zilizotia sahihi ni hamsini na nane. Jumatano saa kumi jioni wanafunga. Baada ya hapo mitambo yetu inapelekwa kijiji cha Mufwele."

"Waache waende Mufwele. Sisi tunaleta ya kwetu. Kontena linaondoka mwezi ujao."

"Yaya, juzi nilizalisha mama mmoja huku nimebana simu kwa meno, nipate kuona. Chaji iliisha kabla kondo la nyuma halijatoka. Nilimaliza kwa kupapasa."

"Na huyo mama?"

"Ni mzima. Safari hii."

Mtandao ulikatika. Eustache alibaki ameketi, kiatu kimoja mguuni.

"Anasemaje?" aliuliza Généreuse. Alikuwa anafunga mkoba wake wa kazini.

"Mambo ya zile fomu."

"Zile ulizowakataza?"

Généreuse alichukua ufunguo wa gari, akaondoka.

Ni kweli, yeye ndiye aliyewakataza. Watu wa Kasungwe wanaoishi Toronto na miji ya jirani wana umoja wao, familia thelathini na saba. Eustache ni katibu. Mwezi wa nne, watu wa kampuni ya umeme wa jua walifika Kasungwe na fomu. Walimwomba kila mwenye nyumba atie sahihi. Kule kijijini kuna desturi. Mzee mwenye mtoto ng'ambo hatii sahihi karatasi yoyote kabla ya kumuuliza huyo mtoto. Wazee wakapiga simu Kanada. Simu zikawa nyingi. Eustache akarekodi sauti moja kwa WhatsApp, akawatumia wote.

"Msitie sahihi," alisema. "Hamjui karatasi inaficha nini. Sisi watoto wenu tutawaletea umeme wetu wenyewe."

Alikuwa na sababu. Miaka kumi na mitano iliyopita, watu waliovaa vizuri walifika katika kijiji cha jirani na karatasi. Wanakijiji walitia sahihi. Mwaka uliofuata mashamba yao yakawa mgodi wa mtu mwingine. Eustache aliyaona hayo kwa macho yake.

Umoja ulikuwa umeshanunua jenereta moja iliyotumika na paneli nne za sola. Vyote vilikaa kwenye stoo ya jengo la ghorofa analokaa Eustache, vikingoja kontena.

*

Jumamosi umeme wa jengo ulizimwa kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa saba mchana. Mafundi walikuwa wanabadilisha kifaa fulani kule chini. Tangazo lilikuwa limebandikwa kwenye lifti kwa wiki nzima. Eustache alilisoma mara nyingi, akalisahau. Saa nne alirudi kutoka sokoni na gunia la mchele la kilo ishirini, akaikuta lifti imesimama. Yeye anakaa ghorofa ya kumi na nne.

Alipanda ngazi. Kwenye ghorofa ya nane alimkuta jirani yake, Narjis, ameketi kwenye kidato na mifuko miwili miguuni. Narjis ni Mtanzania, mzaliwa wa Tabora, anakaa ghorofa ya kumi na moja. Majirani humwita mama Batool, kwa jina la binti yake.

"Baba Mélissa, unahema kama jenereta," alisema.

"Usinitajie jenereta, mama Batool."

"Kwa nini? Imekufanya nini?"

Eustache alitua gunia, akaketi. Taa ndogo ya dharura iliwaka juu yao. Hakuwa na mpango wa kumweleza mtu mambo ya Kasungwe. Lakini zilibaki ghorofa sita, na miguu yake ilikuwa imekataa. Akamweleza yote. Narjis alisikiliza bila kumkatiza.

"Unajua kazi yangu ni nini?" aliuliza mwishowe.

"Ofisini mjini. Mambo ya hesabu."

"Nakagua miradi ya umeme kwa niaba ya wakopeshaji. Vijiji kama hicho chako. Nimekagua Zambia, nimekagua Madagaska, nimekagua na kwetu. Sikuuzii umeme mimi. Nakuuliza tu. Hiyo fomu uliisoma?"

"Naijua fomu ya namna hiyo."

"Sikuuliza hivyo. Uliisoma?"

"Hapana."

"Basi uliwakataza nini?"

Eustache aliangalia ukuta. "Mama Batool, mimi nimeona watu wakipoteza mashamba kwa sahihi."

"Nimekusikia. Hofu yako ina sababu. Lakini kama karatasi inatisha, unaisoma. Unaisoma yote, na upande wa nyuma pia. Ukiikataa bila kuisoma, hujui umekataa nini."

Mtu mmoja alishuka na mbwa. Walimpisha.

"Haya, nieleze," alisema Eustache. "Kwa nini wahesabu sahihi? Kama benki ina pesa na kijiji kina giza, si walete tu?"

"Umeme wa namna hiyo unajengwa kwa pesa za aina mbili. Ya kwanza ni mkopo kutoka benki ya maendeleo. Riba yake ni ndogo, na unalipwa kwa miaka mingi. Ya pili ni ruzuku, yaani msaada usiorudishwa. Lakini ruzuku hiyo kampuni haipewi siku ya kwanza. Katika miradi mingi inalipwa kwa kila nyumba iliyounganishwa, baada ya mkaguzi kuhakikisha kwamba taa inawaka kweli. Mkaguzi ndiye mimi, au mwenzangu."

"Kwa hiyo nyumba chache, ruzuku kidogo."

"Na wateja wachache wa kulipia umeme. Betri za mtambo zinachoka. Baada ya miaka kumi hivi zinabadilishwa. Nani atazinunua? Zinanunuliwa kwa malipo ya watumiaji. Benki haiulizi tu nani ana shida. Shida ziko kila mahali. Inauliza mtambo huu utakuwa hai mwaka wa kumi na mbili au utakuwa chuma chakavu. Sahihi ni ushahidi kwamba watu wanautaka na watalipia. Kasungwe imejibu kwamba haiutaki."

"Haikujibu hivyo."

"Nyumba hamsini na nane kati ya mia mbili. Ungekuwa wewe mkopeshaji, ungesoma nini hapo?"

"Na umeme wa kampuni ni bei?" aliuliza Eustache.

"Ni bei. Yuniti moja kule huwa ghali kuliko yuniti moja hapa Toronto, mara kadhaa. Asikudanganye mtu. Lakini nyumba yenye taa tatu, redio na simu inatumia yuniti chache sana kwa mwezi. Linganisha na wanachotumia leo kwa betri za tochi, mishumaa na kuchaji simu dukani. Mwambie dada yako akutumie picha za fomu. Pande zote mbili."

Alisimama, akashika goti lake. "Na hiyo jenereta yenu mmeinunua wapi?"

"Hapa hapa. Papa Gaël, mwenyekiti wetu, aliipata kwa mtu kule Pickering."

"Ina volti ngapi?"

"Mama Batool, mimi napanga maboksi."

"Basi shuka ukaisome. Leo ni siku yako ya kusoma."

*

Picha za fomu zilifika alasiri, umeme wa jengo ukiwa umesharudi. Narjis alipanda na miwani yake. Fomu ilikuwa ya Kifaransa. Narjis hasomi Kifaransa. Eustache alikisoma tangu shule ya msingi hadi sekondari. Angeweza kuisoma fomu ile mwezi wa nne kwa dakika kumi. Alilijua hilo alipofika mstari wa pili, na Narjis naye alilijua, ila hakulisema.

Eustache alisoma na kutafsiri. Narjis aliuliza.

"Ardhi?"

"Kifungu cha saba. Nguzo haiwekwi kwenye shamba la mtu bila yeye kukubali. Hakuna kingine kuhusu ardhi."

"Vizuri. Eneo la mtambo?"

"Ni kiwanja cha kijiji. Kina mkataba wake, si huu."

"Huo nao ombeni nakala yake. Umeme ukiharibika?"

"Fundi mmoja atakaa kijijini. Kampuni ina siku tatu za kutengeneza."

"Andika hiyo pembeni. Wakichelewa mtawashika nayo. Malipo ya kuanzia?"

"Yapo. Kampuni isipoleta umeme kwa miezi kumi na minane, inayarudisha. Na waya za ndani ya nyumba ni juu ya mwenye nyumba."

Narjis alivua miwani. "Hapo ndipo watu wengi hukwama. Nguzo inafika mlangoni, na mjane hana pesa ya waya wa ndani. Nimeona vijiji nguzo zimesimama na nyumba zina giza. Kama nyinyi wa Toronto mnataka kusaidia, saidieni hapo. Mtambo waachieni wenye kazi ya mitambo."

"Papa Gaël hatakubali."

"Huyo ni wako. Mimi nimemaliza."

Jioni ile Eustache alishuka kwenye stoo. Kibandiko kilikuwa ubavuni mwa jenereta, chini ya vumbi. Volti mia moja na ishirini. Friji ya chanjo ya kituo cha afya, ambayo shirika moja lilileta na haijawahi kuwashwa, inatumia volti mia mbili na ishirini. Ndivyo ilivyo kwa vifaa vyote vya Kongo.

*

Jumapili, baada ya ibada, umoja ulikutana katika ukumbi wa chini wa kanisa. Akina mama walileta ugali wa fufu, sombe ya majani ya mihogo, na samaki. Mwenyekiti, Gaël, ni mtu mnene mwenye sauti nzuri. Huko Kalemie, mji wa bandari kando ya ziwa, aliwahi kuwa mwalimu. Toronto anaendesha lori.

Eustache alisimama kabla ya chakula. Alisema mambo matatu bila kuzunguka. Kwamba aliwakataza watu kutia sahihi na hakuwa amesoma fomu. Kwamba sasa ameisoma. Kwamba wana siku tatu.

"Katibu," alisema Gaël, "nani amekubadilisha akili?"

"Jirani yangu. Ni mkaguzi wa miradi ya umeme."

"Mkongo?"

"Mtanzania."

"Ahaa. Sasa Kasungwe inaongozwa na Mtanzania wa ghorofa ya kumi na moja." Watu wakacheka.

"Hajaongoza kitu. Ameuliza maswali. Na moja nakuuliza wewe. Jenereta yetu ina volti ngapi?"

"Ina nguvu za kutosha."

"Ina volti mia na ishirini, papa Gaël. Kila kitu kule ni mia mbili na ishirini."

"Tutanunua mashine ya kubadilisha."

"Na petroli?"

"Tutatuma pesa."

"Kila wiki?"

"Kwa zamu. Familia thelathini na saba, Eustache! Tunashindwa petroli?"

Généreuse alikuwa ameketi na wanawake. Alikuwa ametoka kazini saa moja asubuhi na hakuwa amelala. Aliongea bila kusimama.

"Papa Gaël, ile jenereta ya kwanza iko wapi? Tuliyotuma mwaka wa elfu mbili kumi na tisa?"

Alimtazama Gaël, kisha wengine.

"Mimi nitasema. Iko jikoni kwa katekista. Iliwaka miezi miwili. Petroli ikaisha, kila mmoja akasema zamu ni ya mwenzake. Kisha watu wakagombana kwa nini iko kwa katekista na si kwa chifu. Sasa kuku wanatagia juu yake."

"Mayai mazuri lakini!" alisema mtu wa nyuma. Ukumbi mzima ulicheka, hata Gaël, kwa muda mfupi.

"Mnataka tufanye nini?" aliuliza Gaël. Alikuwa amekaa. "Hii jenereta niliisafirisha kwa lori langu. Niliisukuma mwenyewe."

"Najua," alisema Eustache. "Tuiuze, pamoja na paneli. Pesa hizo na za kontena tulipie malipo ya kuanzia na waya za ndani, kwa wajane na wasioweza. Wengine watajilipia. Na leo hii kila mtu amwambie mama yake atie sahihi."

"Si wewe uwaambie? Wewe ndiye uliyewakataza. Tuma sauti nyingine."

"Nimetuma asubuhi. Inès anasema hakuna aliyesogea. Wanasema kila mmoja anataka kusikia kutoka kwa mtoto wake."

Gaël alifikiri. Halafu akatoa simu yake mfukoni.

"Kukataza kulikuwa kwepesi," alisema. "Haya. Chakula kitapoa."

*

Kulikuwa na kikwazo ambacho Toronto walikisahau. Simu za Kasungwe nyingi zilikuwa zimezimika. Hazikuwa na chaji. Wenye simu walichaji mara moja kwa wiki, katika duka moja lenye paneli ndogo.

Inès ndiye aliyepata njia. "Nitumieni sauti zote mimi," alisema. "Nitatembea nazo."

Watu wakarekodi. Walirekodi ndani ya basi, kwenye chumba cha mapumziko cha kiwanda, kwenye maegesho ya hospitali. Eustache aliwaambia waseme mambo yaliyoandikwa, si maneno matamu. Karatasi inasema hivi kuhusu shamba. Umeme utakuwa wa kulipia kabla ya kutumia, kama salio la simu. Bei ni hii. Ukiharibika, fundi yupo.

Jumatatu na Jumanne, baada ya kazi ya kituo, Inès alitembea nyumba kwa nyumba na simu moja na sauti arobaini na tatu. Alibisha, akaketi, akatafuta sauti ya mtoto wa nyumba ile, akaifungulia. Wazee wengine walitaka isikilizwe mara tatu. Bibi mmoja aliijibu simu kana kwamba binti yake alikuwa ndani, akamsimulia msiba wa wiki iliyopita. Inès alingoja amalize. Chaji ilipoisha alikwenda dukani. Mwenye duka alimtanguliza mbele ya foleni. Umeme ukija, biashara yake ya kuchaji itakufa. Lakini yeye alitia sahihi siku ya kwanza kabisa. Alitaka friji ya kuuzia vinywaji.

Jumanne jioni sahihi zilikuwa mia moja na tatu. Jumatano mchana zilikuwa mia moja na kumi na saba.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi ya Jumatano, saa za Toronto, Inès alipiga. Kasungwe ilikuwa saa sita na nusu mchana. Eustache alikuwa kwenye maegesho ya ghala, ndani ya gari. Zamu yake ilianza saa moja.

"Yaya, ni mama."

"Mama anaumwa?"

"Mama hajatia sahihi. Nimemsikilizisha sauti yako, akausukuma mkono wangu. Anasema anakutaka wewe mwenyewe. Na nyumba nne za ukoo zinamngoja yeye. Bila hizo hatufiki."

"Mpe simu."

Alisikia simu ikipita mkono hadi mkono. Akasikia kuku. Kisha pumzi ya mama yake.

"Eustache."

"Jambo, mama."

"Mwezi wa nne ulisema nisitie sahihi."

"Nilisema."

"Ulikuwa umeisoma karatasi?"

"Hapana, mama."

"Wewe. Niliyekusomesha kwa mihogo yangu."

"Sikuisoma. Nilikosea."

"Na sasa?"

"Nimeisoma mara mbili. Mbele na nyuma."

"Inasema nini? Usinifupishie."

Eustache alitazama saa ya gari. Alifungua picha ya fomu kwenye simu ya pili, aliyoazima kwa Généreuse, akaanza kifungu cha kwanza. Alisoma Kifaransa, akageuza Kiswahili, sentensi kwa sentensi. Wenzake walipita wakiingia kazini. Mmoja aligonga kioo na kuonyesha saa yake. Eustache aliendelea.

"Simama hapo," alisema mama. "Michikichi yangu. Nguzo ikitaka kupita kwenye michikichi?"

"Kifungu cha saba. Haiwekwi bila wewe kukubali."

"Kisome tena."

Alikisoma tena.

"Na nisipokuwa na pesa mwezi huo?"

"Taa inazima. Ukilipa inawaka. Hakuna deni."

"Wewe utanilipia?"

"Malipo ya kuanzia na waya, umoja utalipa. Umeme wa kila mwezi ni wako, mama. Karatasi inasema mteja ni wewe."

Eustache alisikia kuku tena.

"Inès," mama alisema, mbali na simu, "lete kalamu. Si wino wa kidole. Kalamu."

Eustache aliingia kazini akiwa amechelewa dakika ishirini na tano. Msimamizi alimwandikia onyo. Alilitia sahihi, baada ya kulisoma.

Saa nne kasoro robo, kwenye mapumziko, alipata ujumbe wa Inès. Ulikuwa na tarakimu tu: 122.

*

Mitambo haikufika haraka. Benki ilichukua miezi mitano kupitisha mkopo. Mvua zikaziba njia ya kutoka bandarini. Kontena moja la kampuni lilikaa Kalemie wiki saba kwa sababu ya karatasi za forodha. Wazee walimuuliza Eustache kila wiki. Narjis alimwambia awe anaandika tarehe zote na kuitumia kampuni barua kila mwezi, kwa adabu. Aliandika barua tisa.

Umeme uliwaka baada ya miezi kumi na sita. Nyumba mia moja na thelathini na moja ziliunganishwa. Umoja ulilipia waya za ndani katika nyumba thelathini na nne. Kinu cha kusaga kiliacha dizeli, na bei ya kusaga debe moja ikashuka. Kituo cha afya kilipata taa sita, na friji ya chanjo ikawashwa kwa mara ya kwanza. Mwezi wa kwanza Inès alizalisha watoto kumi na mmoja. Saba walizaliwa baada ya jua kuzama.

Si kila kitu kilikwenda vizuri. Nyumba za bondeni ziko mbali na nguzo, bado zinangoja. Kijana mmoja alichomeka jiko la umeme, akazima mtaa mzima. Wengi walilalamika kwamba yuniti ni ghali, na walikuwa sahihi. Ni ghali.

Mwezi wa tatu tangu umeme kuwaka, mama alimpigia Eustache. Hilo lenyewe halikuwa la kawaida. Kwa kawaida alibipu na kungoja kupigiwa. Ilikuwa Jumapili mchana. Eustache alikuwa amelala kwenye kochi.

"Kuna nini, mama?"

"Hakuna kitu. Nilitaka kukwambia jana kulikuwa na mkutano. Kampuni inataka kupandisha bei."

Eustache aliketi. "Usikubali kitu. Waambie wakutumie karatasi, niisome kwanza..."

"Tumeisoma. Inès alisoma, sisi tukasikiliza. Inasema wanatakiwa kutuambia miezi mitatu kabla. Wao wametuambia mwezi mmoja. Nikasimama nikasema hivyo."

"Wewe?"

"Mimi. Yule mkubwa wao akauliza, mama, wewe ni nani hapa? Nikamwambia, mita ina jina langu. Nenda kaitazame." Alicheka kidogo, akakohoa. "Wameahirisha."

"Mbona hukuniuliza kwanza?"

"Nikuulize nini?" alisema mama. "Wewe unalipa umeme wa Kasungwe? Lala, mwanangu. Sauti yako imechoka."